Kifurushi Unachoweza Kukihama: Mwongozo wa Kuchagua Mahali pa Kuweka Tovuti

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa kazi ya tovuti bila kuwa fundi: mwalimu wa sekondari, katibu wa parokia, mhasibu wa SACCOS, mfanyabiashara wa dagaa au mwenye nyumba ya wageni. Umeandikwa kwa kuwafikiria watu wa Nyegina, mkoani Mara, na majirani zao wa Musoma, Butiama na Bunda, lakini hatua zake zinafaa popote nchini. Huhitaji kujua kuandika programu. Unahitaji daftari, simu, na saa chache za kukaa na wenzako kabla hamjalipa chochote.

Ushauri wake mkuu ni mmoja: chagua kifurushi unachoweza kukihama. Nafasi na kasi huongezwa kwa malipo wakati wowote. Kigumu kurekebisha ni tovuti iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, isiyo na nakala, na ambayo nywila zake zimebaki kwenye simu ya kijana aliyeitengeneza, naye sasa amehamia Mwanza au Dar es Salaam. Tovuti ya shule au kikundi inaweza kudumu miaka kumi kwenye seva ya kawaida kabisa, ikiwa wenyewe wanashika funguo zake. Inaweza pia kupotea mwaka wa pili, kwa sababu tu ankara ilitumwa kwenye barua pepe ambayo hakuna anayeifungua.

## Kwanza elewa unanunua nini

Muuzaji anaweza kukutajia bei moja ya "tovuti kamili". Ndani ya bei hiyo kuna vitu vinne, na kila kimoja kina gharama na mmiliki wake.

1. Kikoa. Ni jina ambalo watu wataandika. Kwa Tanzania majina haya huishia na .tz, na usimamizi wake uko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Shule hutumia .sc.tz, vyuo .ac.tz, asasi na taasisi za dini .or.tz, kampuni na biashara .co.tz, na hoteli zina .hotel.tz. Kikoa hulipiwa kwa mwaka kupitia msajili aliyeidhinishwa.
2. Upangishaji. Ni nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayokaa imewashwa usiku na mchana ili tovuti ifunguke. Hii ndiyo huduma ambayo vifurushi vyake vinakuchanganya.
3. Tovuti yenyewe. Ni kurasa, picha, fomu na hifadhidata. Hii ni kazi ya fundi na ni mali yako baada ya kuilipia.
4. Barua pepe zenye jina la kikoa chako.

Vitenganishe tangu siku ya kwanza, hata kama unavinunua kwa muuzaji mmoja. Kikoa kikiwa chako, unaweza kubadilisha seva na watu wasione tofauti yoyote. Nakala ya tovuti ikiwa mkononi mwako, kampuni ya upangishaji ikifungwa kesho utaiweka tovuti kwingine kesho kutwa. Lakini vyote vikiwa ndani ya akaunti moja ya mtu mmoja, mkigombana naye au akipotea, mmepoteza vyote kwa pamoja.

## Hatua ya 1: Andika kazi ya tovuti kwenye ukurasa mmoja

Kifurushi hakichaguliwi kwa ukubwa wa taasisi. Huchaguliwa kwa kazi ambayo tovuti itafanya. Jibuni maswali haya kwa maandishi:

- Nani ataifungua, na yuko wapi? Mzazi wa Majita, mnunuzi wa Kahama, au mtalii aliye Ujerumani?
- Atataka kufanya nini: kusoma, kupakua fomu, kuweka nafasi ya chumba, kulipa?
- Nani ataandika habari mpya, na mara ngapi kwa mwezi?
- Je, tutakusanya majina, simu au taarifa za wanafunzi na wateja?
- Ni siku gani za mwaka watu wengi wataingia kwa pamoja?
- Bajeti ya mwaka wa pili na wa tatu itatoka wapi?

Tuangalie mifano mitatu ya eneo letu.

Sekondari ya bweni Nyegina. Kwa sehemu kubwa ya mwaka wageni wake ni wachache. Lakini NECTA inapotangaza matokeo, na wazazi wanapotafuta fomu ya kujiunga na orodha ya mahitaji, mamia wanaweza kuingia siku moja. Kazi yake kuu ni kutoa taarifa na mafaili ya PDF. Haihitaji seva kubwa. Inahitaji kurasa nyepesi na mtu wa kuziangalia msimu huo.

Mfanyabiashara wa dagaa na sangara, Musoma mjini. Wateja wake wako mikoani, na wanataka kujua bei ya leo na namba ya kupiga. Mazungumzo yote yanaishia WhatsApp. Ukurasa mmoja au kurasa tatu zinatosha, na zinaweza kukaa kwenye huduma isiyo na malipo kabisa.

Nyumba ya wageni kwenye njia ya Butiama au Bunda. Wapo wanaokuja kuona makumbusho ya Mwalimu Nyerere na nyumbani kwake Mwitongo, na wapo wanaoelekea Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Mgeni huyu anaweza kuwa nje ya nchi, anataka kuweka nafasi usiku wa manane, na tovuti ikikwama anahamia nyumba nyingine. Hapa uhakika wa huduma na wa barua pepe una thamani zaidi kuliko unafuu wa bei.

## Hatua ya 2: Pima mahitaji kwa kalamu

Wauzaji hushindana kwa kutaja gigabaiti. Ukifanya hesabu yako mwenyewe, utaona kwamba namba nyingi za matangazo hazikuhusu.

Nafasi ya kuhifadhi. Chukua shule yenye picha 400. Picha ikipunguzwa ukubwa hadi kilobaiti 200, zote ni megabaiti 80. Fomu 30 za PDF za megabaiti 1 kila moja ni megabaiti 30. WordPress, yaani programu ya kuendeshea tovuti, pamoja na programu-jalizi (nyongeza zake) na hifadhidata yake, tukadirie megabaiti 500. Jumla haifiki gigabaiti 1. Kifurushi cha gigabaiti 5 kitakutosha miaka mingi.

Picha hizohizo zikipakiwa moja kwa moja kutoka kwenye simu, kila moja ikiwa megabaiti 4, ni gigabaiti 1.6. Si kwamba seva itashindwa. Mzazi ndiye atakayelipa, kwa sababu kila picha inakula bando lake.

Data inayosafirishwa kwa mwezi. Wageni 60 kwa siku, kurasa 3 kila mmoja, megabaiti 2 kwa ukurasa, siku 30: ni megabaiti 10,800, karibu gigabaiti 11. Ukurasa ukiupunguza hadi megabaiti 1, unapunguza nusu.

Siku ya msongamano. Wazazi 1,500 wakifungua ukurasa mmoja wa megabaiti 2 na fomu ya megabaiti 1, ni gigabaiti 4.5 kwa siku. Kiasi hicho ni kidogo kwa vifurushi vingi. Tatizo ni wengi kuingia dakika ileile, kwa kuwa WordPress hutengeneza ukurasa upya kwa kila mgeni. Dawa yake ni programu-jalizi ya kache, ambayo hutengeneza ukurasa mara moja na kuwagawia wote. Weka kache kabla ya kufikiria kununua seva kubwa zaidi.

## Hatua ya 3: Chagua aina ya upangishaji

> KISANDUKU: Aina tano na wanaofaa kuzitumia
>
> Kurasa tuli, bila malipo. Ni kurasa zisizo na hifadhidata, zinazowekwa kwenye huduma kama Cloudflare Pages au GitHub Pages. Zina kasi na si rahisi kudukuliwa. Zinafaa kikundi, parokia ndogo, mradi wa wanafunzi. *Tahadhari:* kila badiliko linahitaji mtu anayejua mafaili. GitHub Pages hairuhusu kuendesha biashara ya mtandaoni na ina kikomo cha gigabaiti 1 kwa tovuti. Cloudflare Pages haipokei faili moja linalozidi megabaiti 25.
>
> Seva ya pamoja. Tovuti nyingi hukaa kwenye kompyuta moja, na unapewa paneli ya kusimamia, mara nyingi cPanel. Ni ya bei nafuu na inafaa shule, SACCOS, kanisa, duka na ofisi ndogo. *Tahadhari:* ni kama wapangaji wanaotumia LUKU moja; jirani mwenye matumizi makubwa anaweza kukupunguzia kasi.
>
> WordPress inayosimamiwa. Kampuni inasasisha programu, inachukua nakala na kulinda usalama kwa niaba yako. Inafaa nyumba ya wageni au taasisi isiyo na fundi. *Tahadhari:* ni ghali zaidi, na baadhi huzuia programu-jalizi fulani.
>
> VPS. Ni sehemu ya seva iliyotengwa kwa ajili yako, yenye kumbukumbu na kichakataji chako. Inafaa mfumo wa matokeo, duka kubwa la mtandaoni au programu maalumu. *Tahadhari:* usalama na masasisho ni jukumu lako. Kama huna mtu anayejua Linux, usiichukue.
>
> Seva nzima au wingu la kulipia kwa matumizi. Ni kwa benki, vyuo vikubwa na kampuni zenye wahandisi wao. *Tahadhari:* bili ya wingu hupanda kwa matumizi, na kosa dogo la mpangilio linaweza kuleta ankara usiyoitarajia.

Kanuni fupi: anza na aina ndogo kuliko zote inayokidhi kazi uliyoandika katika hatua ya 1, mradi kampuni ikuruhusu kupanda bila kuanza upya. Kulipia VPS "kwa ajili ya baadaye" ni kulipia nguvu isiyotumika na kujibebesha kazi ya ulinzi ambayo hakuna wa kuifanya.

## Hatua ya 4: Amua seva ikae nchi gani

Mahali ilipo seva panabadilisha mambo matatu: kasi, uhakika na sheria.

Kasi. Ombi la mtu wa Nyegina kwenda seva iliyo Ulaya na kurudi mara nyingi hupita milisekunde 150, na ukurasa mmoja unaweza kuhitaji safari kadhaa za namna hiyo. Seva iliyo Dar es Salaam au Nairobi hufupisha safari hizo. Kama wageni wako wengi wako Tanzania, seva ya karibu ni faida. Kama wengi wako Ulaya, seva ya huko haina ubaya. Njia ya kati ni mtandao wa usambazaji kama Cloudflare, unaotunza nakala za picha na kurasa katika vituo vingi duniani, vikiwemo vya Nairobi na Mombasa. Una daraja lisilolipiwa.

Uhakika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikayumba vibaya Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, mtu wa Musoma ana nafasi nzuri zaidi ya kufikia seva iliyo ndani ya nchi, kwa sababu watoa huduma wa hapa hubadilishana data kwenye vituo vya ndani kama TIX ya Dar es Salaam bila kupita baharini. Upande wa pili uzingatie pia: mgeni aliye nje naye anaweza kushindwa kufikia seva ya hapa siku hiyo.

Sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Taasisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa kujisajili na Tume, na kupeleka taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti. Ukiweka fomu ya maombi ya wanafunzi kwenye seva ya Ulaya, tayari unagusa masharti hayo. Shule isiyo na uwezo wa kuyashughulikia ifanye hivi: itangaze taarifa tu kwenye tovuti, na fomu zipakuliwe, zijazwe kwa kalamu, ziletwe ofisini.

## Hatua ya 5: Soma kifurushi kwa mpangilio huu

Usianze na gigabaiti. Anza na mambo yatakayokuumiza baadaye.

1. Bei ya kuhuisha. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza. Tafuta bei ya mwaka wa pili, kisha piga hesabu ya miaka mitatu: upangishaji, kikoa, barua pepe na VAT. Linganisha jumla hizo. Kwa kampuni ya nje, kumbuka ankara ni ya dola na shilingi hupanda na kushuka. Muuzaji wa hapa anatakiwa kukupa bei ya shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni.
2. Nakala rudufu. Zinachukuliwa kila siku au kila wiki? Zinatunzwa siku ngapi? Zinakaa kwenye jengo jingine? Kurejesha kunalipiwa? Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walipoteza tovuti na nakala kwa pamoja, kwa kuwa nakala zilikuwa eneo lilelile. Nakala ya kampuni ni msaada. Nakala iliyo mkononi mwako ndiyo kinga.
3. Ruhusa ya kuhama. Je, unaweza kupakua mafaili yote na hifadhidata wewe mwenyewe? Je, utapewa msimbo wa kuhamisha kikoa ukiuomba? Jibu likiwa "tutaangalia", tafuta kampuni nyingine.
4. Muda wa kuwa hewani. Ahadi ya asilimia 99.9 ni kama dakika 43 za kuzimika kwa mwezi. Asilimia 99 ni zaidi ya saa 7. Uliza fidia ni nini wasipotimiza.
5. Cheti cha SSL. Hiki ndicho kinacholeta alama ya usalama kwenye kivinjari. Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo, kwa hiyo tovuti ya kawaida haina sababu ya kuvilipia kando. Hakikisha vinajihuisha vyenyewe.
6. Vikomo vilivyofichwa. "Bila kikomo" kwenye seva ya pamoja huwa na kikomo cha idadi ya mafaili, kumbukumbu na kazi zinazofanyika kwa wakati mmoja. Soma masharti ya matumizi ya haki.
7. Toleo la PHP. WordPress hutegemea lugha ya programu iitwayo PHP. Toleo la 7.4 liliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022. Kampuni isiyo na matoleo mapya inaweka tovuti yako hatarini.
8. Barua pepe. Uliza ukubwa wa sanduku, idadi ya barua kwa saa, na kama wanaweka rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenye kikoa chako kweli. Bila hizo, barua zako zinaweza kuangukia kwenye taka. Shule zilizothibitishwa zinaweza kuomba Google Workspace for Education Fundamentals, ambayo haina malipo. Hivyo si lazima barua pepe zikae kwenye seva ya tovuti.
9. Njia ya kulipa. M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa humwezesha mhasibu kulipa bila kutegemea kadi binafsi ya mwalimu mmoja. Dai risiti ya EFD kwa kampuni ya hapa nchini.

## Hatua ya 6: Mjaribu muuzaji kabla ya kulipa

Huduma kwa mteja haionekani kwenye tangazo. Ipime. Tuma ujumbe huu jioni ya siku ya kazi, kisha utume tena Jumamosi kwa namba au anwani nyingine ya kampuni hiyohiyo:

> *Habari za kazi. Sisi ni taasisi iliyopo Nyegina, Musoma. Tunaomba mtusaidie majibu ya maswali haya kabla ya kununua: (1) Bei ya kuhuisha mwaka wa pili ni shilingi ngapi pamoja na VAT? (2) Nakala rudufu mnachukua mara ngapi na zinakaa wapi? (3) Seva zenu ziko nchi gani? (4) Kikoa kitasajiliwa kwa jina la taasisi yetu? (5) Tukitaka kuhama, mnatupa mafaili, hifadhidata na msimbo wa kikoa bila malipo? Asanteni.*

Angalia wamejibu baada ya muda gani, wamejibu maswali yote matano au mawili tu, na kama wameandika au wamekupigia ili kusiwe na kumbukumbu. Mwenye majibu ya maandishi yaliyo wazi ana thamani zaidi kuliko mwenye punguzo kubwa. Kisha lipia mwezi mmoja au mwaka mmoja. Usilipie miaka mitatu kwa kampuni usiyoijua.

Mwombe pia akutajie tovuti mbili za wateja wake. Zifungue kwa simu, kwa bando la kawaida, ukiwa Nyegina kwenyewe. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi ya mjini hutapata picha ya kweli ya mzazi wa kijijini.

## Hatua ya 7: Sajili na ushike funguo

Fuata mpangilio huu, usiruke:

1. Fungua barua pepe ya taasisi, kwa mfano ya ofisi ya mkuu wa shule. Isiwe ya mtu binafsi. Weka uthibitisho wa hatua mbili.
2. Sajili kikoa kwa msajili aliyeidhinishwa. Mwenye kikoa awe taasisi. Fundi anaweza kuandikwa kama mhusika wa kiufundi tu.
3. Hakiki usajili kwa kutafuta kikoa chako kwenye huduma ya WHOIS, au mwombe msajili akuthibitishie kwa maandishi jina la mmiliki.
4. Nunua upangishaji kwa akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe ya taasisi.
5. Mtengenezee fundi akaunti yake ndani ya WordPress. Kazi ikiisha, ipunguzie akaunti hiyo mamlaka au uifute.
6. Andika kwenye daftari la ofisi: jina la msajili, kampuni ya upangishaji, tarehe za kuhuisha, na watu wawili wenye kufikia nywila. Nywila zenyewe zikae kwenye bahasha iliyofungwa kwenye kabati la ofisi, au kwenye programu ya kutunza nywila.
7. Pakua nakala kamili ya kwanza siku tovuti inapozinduliwa. Iweke kwenye diski ya ofisi na mahali pengine mbali na ofisi.

> ONYO
>
> - Usitumie programu-jalizi au violezo vya WordPress vilivyoibiwa na kusambazwa bure. Mara nyingi huja na msimbo wa kudukua.
> - Usiweke matokeo ya mwanafunzi mmojammoja, picha za vitambulisho au namba za simu za wazazi kwenye kurasa zilizo wazi.
> - Ukipanga kuendesha tovuti ya habari, wasiliana na TCRA kwanza kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni.
> - Ujumbe unaosema "kikoa chako kinaisha leo, lipa hapa" unaweza kuwa wa matapeli. Usibonyeze kiungo; ingia mwenyewe kwenye akaunti ya msajili wako na uangalie tarehe.

## Makosa yanayojirudia

Kuanza na fundi kabla ya bajeti. Fedha yote inaishia kwenye utengenezaji, na mwaka unaofuata hakuna ya kuhuisha. Tenga kwanza gharama ya miaka mitatu ya kikoa na upangishaji, kinachobaki ndicho cha fundi.

Kuchagua huduma ya bure kwa kazi ya fedha. Kurasa tuli za bure ni nzuri kwa matangazo. Zikiwa ndizo chanzo cha kuweka nafasi na malipo, lipia huduma yenye mtu wa kupigiwa simu.

Kuamini kwamba nakala ipo kwa sababu kampuni imesema. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa kwa majaribio haina uhakika. Mwombe fundi airejeshe kwenye anwani ya muda angalau mara moja kwa mwaka, mbele ya macho yako.

Kuacha programu bila kusasishwa. Tovuti za WordPress hudukuliwa zaidi kupitia programu-jalizi zilizochakaa. Mpe mtu mmoja kazi ya kusasisha kila mwezi, na uiandike kwenye majukumu yake.

Kulaumu seva kwa kosa la picha. Kabla ya kupanda kifurushi, punguza picha hadi upana wa pikseli 1,200, zihifadhi kwa mfumo wa WebP, na video ziweke YouTube badala ya kwenye seva yako.

## Jinsi ya kuhama bila tovuti kuzimika

Ipo siku utahama, ama kwa sababu ya bei, kasi au huduma. Ukiwa umefuata hatua za juu, kazi hii ni ya siku chache.

1. Chagua wakati mtulivu. Shule isihame karibu na matokeo. Nyumba ya wageni isihame Julai na Agosti, wakati watalii ni wengi.
2. Lipia kampuni mpya huku ya zamani ikiendelea. Gharama ya kulipia mbili kwa mwezi mmoja ni ndogo kuliko hasara ya tovuti kupotea.
3. Pakua mafaili, hifadhidata na barua pepe zote.
4. Nakili rekodi zote za kikoa, hasa za MX zinazoelekeza barua pepe. Hizi zikisahaulika, barua za siku nzima hupotea.
5. Siku mbili kabla, punguza TTL, yaani muda ambao kompyuta nyingine hukumbuka rekodi ya zamani, hadi sekunde 300, ili badiliko lisambae haraka.
6. Weka tovuti kwenye seva mpya na uijaribu kwa anwani ya muda: kila ukurasa, kila fomu, kila PDF.
7. Elekeza kikoa kwenye seva mpya. Hakikisha cheti cha SSL kimewekwa.
8. Subiri wiki moja, angalia barua pepe zinaingia, kisha ndipo ufunge akaunti ya zamani.

## Orodha ya kuhakiki

Ichapishe, iwekee alama, na uibandike ofisini.

- ☐ Kazi ya tovuti imeandikwa kwenye ukurasa mmoja
- ☐ Kikoa kimesajiliwa kwa jina la taasisi
- ☐ Barua pepe ya usajili ni ya ofisi, na watu wawili wanaifikia
- ☐ Gharama ya miaka mitatu imehesabiwa na kuingizwa kwenye bajeti
- ☐ Bei ya kuhuisha na ruhusa ya kuhama ziko kwa maandishi
- ☐ Nakala ya wiki hii iko nje ya seva
- ☐ Cheti cha SSL kinajihuisha
- ☐ Tovuti imejaribiwa kwa simu na bando la kawaida, kijijini
- ☐ Taarifa binafsi zinazokusanywa zimeorodheshwa, na usajili na Tume umeshughulikiwa
- ☐ Tarehe za kuhuisha zimeandikwa kwenye kalenda ya ofisi, siku 30 kabla

Kama tayari mna tovuti, msingoje mradi mpya. Mwiteni aliyeitengeneza, mumshukuru kwa kazi, na mumwombe akabidhi mambo matatu mbele ya mashahidi wawili: akaunti ya msajili wa kikoa, akaunti ya upangishaji, na nakala kamili ya tovuti. Badilisheni nywila siku hiyohiyo. Makabidhiano hayo hayahitaji fedha, na baada yake kila uamuzi wa kifurushi, kikubwa au kidogo, unakuwa wenu.